Amana ya Mpangaji

Kila mwisho wa mwezi, katika miji ya nchi yetu, Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu, huonekana mikokoteni na magari yaliyopakiwa vitanda, magodoro na masufuria. Ni jamaa wanaohama. Mara nyingi nyuma yao hubaki ugomvi. Mpangaji adai fedha aliyoiweka siku ya kuingia, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja au miwili. Mwenye nyumba asema imekwisha kwa rangi na matengenezo. Huenda wote wawili ni Wakristu, na Jumapili hupokea Komunyo katika kanisa moja. Basi jambo hili si la mahakama tu, bali ni la dhamiri, nasi hatuna budi kulisema.

Fedha hiyo ni nini? Si kodi, wala si zawadi, wala si faida ya biashara. Ni amana. Mwenye nyumba huishika tu, ili mpangaji akiharibu kitu au akiacha deni, pawe na cha kulipia. Pasipo uharibifu wala deni, fedha ni ya mpangaji, kama ilivyokuwa yake siku alipoitoa. Anayeizuia bila haki avunja Amri ya Saba ya Mungu, ijapokuwa hakuvunja mlango wa mtu usiku.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aliyetwaa vazi la maskini kuwa rehani aliamriwa kulirudisha kabla ya jua kutua, kwa kuwa maskini hana kingine cha kujifunika. Amana ya mfanyakazi wa leo ndiyo vazi hilo. Aitegemea kwa kuingia nyumba nyingine. Akiikosa, hukopa, au hupunguza chakula cha watoto.

Twajua kwamba wenye nyumba nao wana malalamiko ya haki. Lakini tupambanue. Rangi iliyofifia kwa miaka ya kukaliwa si uharibifu; ni uchakavu, na kodi ya kila mwezi ndiyo malipo yake. Kioo au kitasa kilichovunjwa ni deni halali. Tuseme kitasa chagharimu shilingi 1,500, na amana ni shilingi 10,000: haki ni kurudisha 8,500 pamoja na risiti ya fundi, si kuimeza yote. Mpangaji naye anayevunja sinki, asilipe kodi ya mwezi wa mwisho, kisha ahame usiku akisema moyoni kwamba amana itatosha, huyo pia amwibia jirani yake.

Tena wako wanaodhani kwamba kuungama kwatosha. Kanisa lafundisha kwamba mali iliyotwaliwa isivyo haki sharti irudishwe kwa mwenyewe. Zakayo hakusikitika tu. Aliahidi kurudisha mara nne. Dawa ya deni ni kulipa.

Twawashauri hivi. Siku ya kuingia, pande mbili wakague nyumba pamoja, waandike hali yake na kutia sahihi. Siku ya kutoka, wakague tena kwa karatasi ile ile. Mwenye nyumba aiweke amana kando, asiitumie, maana ugomvi mwingi huanza na mfuko mtupu. Wakishindwa kupatana, wawaendee wazee wa jumuiya yao. Na hao wakishindwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Huko mtu aweza kujisemea bila wakili. Kudai haki kwa utulivu si chuki.

Enyi wenye nyumba, mpangaji anapokabidhi ufunguo, mkabidhini naye kilicho chake. Nanyi wapangaji, iacheni nyumba kama mnavyotaka kuikuta ile mnayoiendea. Hapo mtaagana kwa amani, na Jumapili mtakutana mezani pa Bwana bila kukwepana macho.