Shujaa na Mkono Usioonekana

Ushujaa ni tunu ambayo kila taifa huitukuza, lakini ni nadra watu kuuliza ni mali ya nani. Mtu ambaye njia yake imepangwa na wenye nguvu kumshinda, akafika mwisho wake kwa msaada wao, anastahili sifa gani? Swali hili ni la kale kama ngano zenyewe. Filamu ya Jason and the Argonauts, iliyotolewa mwaka 1963, ililiweka wazi mbele ya macho ya watazamaji.

Katika filamu hiyo miungu ya Uyunani hukaa mlimani Olympus mbele ya ubao wa mchezo, na wanadamu ndio kete zao. Jason asafiri baharini kuitafuta Ngozi ya Dhahabu. Hera ampenda, lakini Zeus amewekea msaada wake mpaka: mara 5, wala si zaidi.

Ray Harryhausen, fundi wa maajabu ya filamu hiyo, naye alikuwa na kete zake. Alitengeneza vinyago vidogo vyenye viungo vya chuma, akavisogeza kidogo kidogo kwa mkono, na kila aliposogeza alipiga picha moja. Sekunde moja ya filamu yahitaji picha 24. Vita vya viunzi 7 vya mifupa juu ya watu 3, ambavyo mtazamaji huvimaliza kwa dakika chache, vilimchukua zaidi ya miezi 4. Waigizaji walijizoeza kwanza na watu wenzao, kisha wakarudia mapigo yale yale katika hewa tupu. Mkono wa fundi hauonekani hata mara moja, na kufichika huko ndiko ukamilifu wa kazi yake.

Yamkini mtu akadhani kwamba Jason na viunzi vile ni ndugu, maadamu wote husogezwa. Kisa cha Talos chakanusha dhana hiyo. Mabaharia walionywa wasichukue kisiwani ila chakula na maji. Hercules aliona hazina, akatwaa pini ya bizimu iliyo kubwa kama mkuki. Hakuna mungu aliyeusogeza mkono wake. Sanamu kubwa ya shaba ikageuza shingo, ikashuka kuwaandama. Jason alipofungua kizibo cha kisigino chake ikaanguka, na Hylas, kijana rafiki wa Hercules, akafa chini yake. Kosa lilikuwa la mmoja, malipo yakawa ya mwingine. Hercules akakataa kupanda merikebu. Alibaki kumtafuta rafiki yake, akaiacha safari pamoja na fahari yake.

Hapo ndipo kinyago na mtu hutengana. Kinyago huua wala hakidaiwi, kwa sababu tendo si lake. Mtu hudaiwa, na akikiri deni lake huonyesha kwamba hakuwa kete. Jason naye, katika vita vya mwisho, aliponea baharini, na wenzake 2 waliosimama kando yake wakauawa. Ngozi aliipata, lakini bei yake ililipwa na watu wasiotajwa katika jina la safari.

Basi msaada haumwondolei shujaa heshima, kwa kuwa hakuna afikaye popote peke yake. Heshima humwondoka anapohesabu ushindi kuwa wake, na vifo vya wenziwe kuwa vya majaliwa.