Walimu Saba Waliopikiwa Uji wa Watu Sabini

Jumatatu hiyo mtoto wa darasa la tatu alitumwa jikoni kumsomea mpishi idadi ya wanywaji uji. Kando ya mlango wa stoo kulikuwa na ubao mdogo, na juu yake mihimili mitatu ya chaki: wa darasa la awali, wa darasa la kwanza, na mmoja mfupi wa walimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Darasa la kwanza wako wangapi leo?"

Mtoto akapandisha kidole mraba kwa mraba tangu chini. "Wanne na nusu."

Mpishi akaweka mwiko pembeni. "Na huyo nusu ni nani?"

Darasa la kwanza walikuwa 45. Mwalimu aliyechora alikuwa amekusudia kila mraba uwe watoto 10, ila hakuandika hivyo popote. Alilijua yeye, akadhani ubao nao unalijua.

Kisa kilifika ofisini, walimu wakacheka, na mwalimu wa hesabu akaamua kwamba tatizo ni grafu. Uamuzi huo ndio ulioiponza shule. Alifuta ile mihimili akaagiza kuanzia kesho yake mtoto wa zamu apeleke namba zenyewe, tena zikiwa zimeshajumlishwa. Kwenye kujumlisha hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Madaftari ya darasa lake yalijaa vema, na watoto waliweza kuimba "andika tatu, chukua moja" bila kukosea mahadhi.

Jumanne zililetwa namba tatu: 45, 38 na 7. Mtoto wa zamu aliziandika moja chini ya nyingine, zote zikianzia pambizo la kushoto, jinsi alivyozoea kuanza sentensi za Kiswahili. Ile 7 ya walimu ikakaa chini ya 4 na 3. Akaanza kulia: 5 na 8 ni 13, andika tatu, chukua moja. Akaja kushoto: 4 na 3 na 7 ni 14, na ile moja ni 15. Jibu, 153.

Tazama kazi hiyo vizuri kabla ya kumlaumu mtu. Hakuna mahali alipokosea kujumlisha. Kuchukua alichukua, na wimbo aliufuata hadi mwisho. Jambo moja tu halikuwamo kichwani mwake, kwamba tarakimu ikihamia nafasi ya makumi thamani yake inakuwa mara 10. Kwa hiyo walimu 7 wakageuka 70, na jumla iliyotakiwa kuwa 90 ikazidi kwa 63.

Kwa bahati mbaya mpishi mwenyewe hakuwepo siku hiyo. Aliyemshikia zamu aliisoma karatasi, akapima unga kwa kadiri ya kilo moja kwa watu 20, na badala ya kilo nne na nusu akatia karibu kilo nane. Uji uliobaki ulijaza ndoo. Wazazi waliochanga mahindi hayo debe kwa debe waliiona ndoo ikienda kwa nguruwe wa jirani, na kikao cha kamati ya shule kilichofuata hakikuwa cha kucheka.

Mambo haya si ya kijiji kimoja. Constance Kamii, mwanafunzi wa Jean Piaget aliyefundisha Alabama, Marekani, aliwapa watoto wa shule za msingi wajumlishe kichwani 7 na 52 na 186. Katika andiko lake na Ann Dominick la mwaka 1998 alieleza kwamba waliokwisha kufundishwa hatua za kujumlisha kwa safu walikosa zaidi kuliko wenzao waliokuwa bado wanajitafutia njia zao. Jibu ni 245. Wako waliosema 29, maana walijumlisha tarakimu zote kana kwamba kila moja ni mamoja. Wako pia waliotoa majibu ya karibu elfu bila kushtuka. Mimi sisemi safu zitupwe. Nasema zikitangulia maana, mtoto hupata vema za bure.

Dawa ya kwanza inayotajwa na wengi ni fedha. Ni nzuri, lakini ina mpaka wake. Mtoto aliyewahi kutumwa dukani anajua sarafu 10 za mia hubadilishwa kwa noti ya elfu, na hapo wazo la kufunga kumi limeshaingia. Ila sarafu ya mia ni mia ukiiweka kulia au kushoto, imeandikwa usoni. Tarakimu haina maandishi hayo. Thamani yake inatokana na mahali ilipokaa, na fedha haifundishi hilo. Vijiti ndivyo vinavyofundisha, vikifungwa kumi kumi kwa mpira na kuwekwa juu ya karatasi yenye vyumba vya mamoja, makumi na mamia. Mtoto akiwa na vijiti 7 visivyofungwa mkononi atatafuta fungu la kuvipeleka chumba cha makumi, na hatalipata.

Na grafu? Ugonjwa wake ni huohuo. Mraba mmoja unasimama badala ya watoto 10 kama ile 4 ya 45 inavyosimama badala ya 40. Asiyeelewa kimoja hatakielewa kingine, hata ukimfutia ubao mara ngapi. Mskoti William Playfair alipochapisha grafu ya mihimili mwaka 1786, ikionyesha biashara ya Uskoti na nchi 17, aliandika chini yake kwamba kila kigawanyo ni pauni 10,000. Wasomaji wake walikuwa watu wazima, wafanyabiashara na wanasiasa, na bado hakuwaachia wabahatishe.

Mwalimu yule wa hesabu hakufukuzwa wala hakuhamishwa. Mihimili ilirudi kwenye ubao wa kando ya stoo, safari hii na maneno "mraba mmoja = watoto 10" juu kabisa. Darasani aliacha kuwapangia watoto safu. Sasa anaandika namba kwa mlalo, 45 + 38 + 7, na kabla ya mtu yeyote kugusa kalamu huuliza kama jibu litapita mia. Watoto hubishana kweli. Mwingine husema 45 na 38 hazifiki hata 90, mwingine hudai saba ndiyo itakayozivusha. Na kila Ijumaa hutundika grafu moja isiyo na kipimo, akauliza darasa la awali wako wangapi. Wapo ambao bado wanajibu "wanne". Alama huwapa wale wanaonyoosha mkono kuuliza: "Mwalimu, mraba mmoja ni ngapi?"