Jina la Mwana na Kiburi cha Baba

 Miongoni mwa haki za mwana juu ya baba yake ni kupewa jina jema. Haki hii humthubutukia mwana angali mchanga, hana ulimi wa kuidai wala akili ya kuijua. Kwa hivyo baba ndiye mdaiwa, na ndiye kadhi wa nafsi yake, na kadhi wa namna hiyo ni mwepesi wa kujipendelea.

Hukumu zenyewe si ngumu. Sunna ni mwana kupewa jina siku ya saba, pamoja na akika na kunyolewa nyele za kuzaliwa, na kwa mwana wa kiume huchinjwa mbuzi wawili kwa awezaye, au kupewa siku ile ile ya kuzaliwa, kwani Mtume (s.a.w.) alipozaliwa mwanawe alimwita Ibrahim usiku huo huo, kwa jina la babu yake Nabii Ibrahim. Imam Nawawi amezitaja njia zote mbili katika Al-Adhkar. Majina yapendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullahi na Abdurrahmani, na katika majina yachukizayo kabisa ni mtu kuitwa mfalme wa wafalme. Abu Dawud naye amepokea ya kuwa watu wataitwa siku ya Kiyama kwa majina yao na majina ya baba zao, basi na wayafanye mazuri. Na ingawa katika sanadi yake pana maneno, maulamaa wameitumia. Hayo wengi wayajua, na hayana haja ya kurefushwa.

Lisilosemwa sana ni jambo jingine. Mwana azaliwapo katika miji yetu ya pwani, watu wa nyumba hukaa wakataja majina, huyu akataja la babu mzaa baba, yule akataja la babu mzaa mama. Na pengine akatokea mmoja akataja Mabruki, au Feruzi, au Almasi, au Marjani. Hapo mzee wa nyumba hukunja uso, akasema: "Hilo jina la kitumwa." Na maneno yakakoma, kama kwamba imesomwa aya. Hapana aulizaye: ni nani aliyelifanya la kitumwa, na kwa dalili gani?

Aliyelifanya ajulikana. Wenye watumwa waliwatwaa watu wa bara, Wayao na Wanyasa na Wamanyema, wakayaacha majina waliyopewa na wazazi wao, wakawapa majina ya vito na ya furaha na ya baraka, kama mtu atiavyo alama katika mali yake. Nao waungwana wakajihifadhia majina mengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa na Sayyid Barghash mwaka 1873. Hukumu ya utumwa yenyewe iliondoshwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Mombasa na Lamu mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Walakini kukunja uso hakukuondoshwa na amri yoyote, na hata leo husikika.

Basi suala ni hili: jina lenye maana njema, je, huharibika kwa sababu ya hali ya mtu aliyeitwa kwalo?

Mwenye kutaka jawabu na atazame alivyofanya Mtume (s.a.w.) katika kubadilisha majina, kwani aliyabadilisha mengi. Binti wa Sayyidna Umar (r.a.) aliitwa Asiya kwa herufi ya ain, maana yake mwenye kuasi, naye akamwita Jamila. (Si Asia mke wa Firauni, lile ni la alif, wala halina ila.) Aliyeitwa Harb, yaani vita, alimwita Silm, yaani amani. Na babu yake Said bin Musayyab aliitwa Hazn, yaani ugumu wa ardhi. Mtume akataka kumwita Sahl, yaani wepesi, naye akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Said akasema baadaye ya kuwa ule ugumu haukuwatoka katika nyumba yao. Khabari hii imo katika Bukhari, na yafaa izingatiwe na kila mwenye kusema: "Ndivyo walivyoitwa wazee wetu, nasi hatuachi."

Katika haya yote kilichotazamwa ni maana. Walikuwako mbele yake Bilal, na Zaid, na Salim, na Thauban, wote waliopitiwa na utumwa, wala hakumwambia hata mmoja wao abadilishe jina kwa ajili ya utumwa huo.

Na ajabu iko hapa. Mzee yule yule akataaye Mabruki humwita mjukuu wake Salim, akaona amemtukuza. Na Salim ni nani? Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, maula wa Abu Hudhaifa. Naye ndiye aliyewasalisha Muhajirina kule Quba kabla ya kufika Mtume, na Umar bin Khattab amesimama nyuma yake. Au humwita Zaid, naye Zaid bin Haritha alinunuliwa katika soko la Ukadh kwanza, kisha likawa jina lake ndilo jina la pekee la sahaba lililotajwa wazi katika Qurani. Basi ikiwa jina hutiwa doa na utumwa, na waanze watu kuyafuta hayo. Na kama Salim halikutiwa doa, Mabruki limetiwa na nini?

Tena Mabruki na Mbaruku asili yake ni herufi tatu zile zile, ba na ra na kaf, na maana yao yakaribiana mno. Mbaruku bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, hapana mtu wa pwani aliyesema kuwa jina lake ni la kitumwa. Kwa hivyo si lugha iliyohukumu, wala si Sharia. Na Feruzi je? Sahaba Feruzi wa Dailam ndiye aliyemwua Aswad wa Yemen, yule mwongo aliyedai utume. Na aliyemwua Sayyidna Umar pia aliitwa Feruzi. Jina moja, na kila mmoja ana amali yake.

Huenda mwenye elimu akajibu ya kuwa imepokewa katika Muslim makatazo ya kuwaita vijana wa nyumba Yasar na Rabah na Aflah na Nafi, na mfano wa hayo ni Baraka. Ni kweli. Lakini sababu imetajwa pamoja na katazo: mtu huuliza, "Baraka yupo?" akajibiwa, "Hayupo," na neno hilo halipendezi masikioni. Maulamaa wa Kishafii wamesema ni karaha nyepesi, si haramu. Na karaha hiyo, ikiwa yampata Mabruki, yampata Mbaruku vile vile, mwungwana na asiyekuwa mwungwana. Juu ya hayo, Nafi maula wa Ibn Umar alibaki na jina lake hata akafa. Naye ndiye ambaye Imam Malik alipokea kwake, na Imam Shafii akapokea kwa Malik, na wajuzi wa Hadithi wakaita sanadi hiyo silsila ya dhahabu.

Liko neno la pili, nalo lina uzito zaidi. Baba husema: "Kiburi sina, ila majirani wanacho. Mwanangu atachekwa chuoni, na akienda kuposa atarudishwa." Huyu asidharauliwe, kwani kumwepushia mwana madhara ni katika haki yake ile ile. Uwanja wa majina ni mpana, wala hapana amlazimishaye mtu kumwita mwanawe Feruzi. Lakini na ajue kwamba kufaa katika ndoa hutazamwa nasaba, si jina. Na tena ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiridhia hupita. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimshauri Fatima binti Qais, naye ni Mkureshi, aolewe na Usama bin Zaid, mwana wa maula, hakupenda mwanzo, kisha akaolewa, akaona kheri kubwa. Basi mwenye kuliacha jina kwa huruma na aliache kimya. Asilitukane barazani, kwani pengine katika baraza hiyo ameketi mtu mzima aitwaye kwa jina hilo, alilopewa na baba aliyempenda, na Mwenyezi Mungu amekataza watu kuaibishana kwa majina.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Baadhi ya wajukuu wa hao waliokuwa watumwa, kwa kukimbia kukunjiwa uso, hufuta jina la babu katika nasaba yao wakatia jina la bwana wake, au la kabila lisilokuwa lao. Mtu kubadilisha jina lake mwenyewe ni jaizi. Kubadilisha baba ni haramu, na Qurani imeamrisha watu waitwe kwa baba zao. Dhambi hiyo ina mfutaji, na ina wale waliomfanya aone haya. Kwa hivyo siku ya nikaha, kadhi akiuliza nasaba ya bwana arusi, na aambiwe kama ilivyo, fulani bin fulani bin Feruzi, naye aiandike hivyo, na mashahidi watie mikono yao.