Mwisho Mwema na Deni Lisilolipwa

Mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu wa Kemia katika shule ya sekondari, alipokuja Runazi likizo iliyopita aliniachia riwaya moja ya Kiingereza. Inaitwa Lessons in Chemistry. Mwandishi wake ni mama wa Kimarekani, Bonnie Garmus, nayo ilitoka mwaka 2022. Niliisoma barazani kwa siku tisa, mchana tu, maana jioni macho yangu hayanitii tena. Aliporudi kuichukua tulibishana juu ya mwisho wake, na ubishi ule ndio ulionisukuma kuandika kurasa hizi.

Riwaya hiyo inamhusu Elizabeth Zott, mwanakemia wa California katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anaikosa shahada ya udaktari baada ya msimamizi wake wa masomo kumwingilia kwa nguvu, na wakubwa wanamwona yeye ndiye mwenye makosa. Katika taasisi ya utafiti, mkubwa wake anaiba kazi yake. Anapopata mimba bila ndoa anafukuzwa. Anaishia kufundisha mapishi katika televisheni, na hata huko anawafundisha akina mama kemia. Mwishoni anatokea mwanamke tajiri, ambaye kumbe ndiye mama mzazi wa marehemu mpenzi wake, naye kwa nguvu ya fedha zake anamrudisha katika taasisi ileile, safari hii akiwa mkuu wa kemia.

Mimi nilifurahi. Mjukuu wangu hakufurahi. "Babu," aliniambia, "waliomfungia mlango hawakuufungua. Umefunguliwa na mtu mwingine kabisa." Nilimjibu kwamba la muhimu ni kuingia. Alinyamaza kwa adabu, nami nikajua kwamba sijamjibu.

Basi tuache hadithi, tumtazame mtu aliyeishi kweli, tena jirani yetu. Wangari Maathai alizaliwa Nyeri, Kenya, mwaka 1940. Alisoma biolojia Marekani, akarudi nyumbani mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi mkononi, kazi ya utafiti katika idara ya zuolojia, chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa kwamba nafasi ile imekwisha kupewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa sababu ya kabila lake na kwa sababu ni mwanamke. Akapata kazi katika idara ya anatomia ya wanyama, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari. Hata alipokuwa mhadhiri, ilimbidi yeye na wenzake kudai marupurupu sawa na waliyopata wanaume. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge. Akaenguliwa kugombea, na aliporudi kuomba kazi yake chuo kikakataa kumpokea.

Mwisho wa habari hiyo unajulikana. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na baadaye chuo kikuu hichohicho kikaanzisha taasisi yenye jina lake. Alifariki dunia mwaka 2011.

Hapa, msomaji mpendwa, ndipo wengi wetu tunapoteleza. Husemwa, nami nimepata kusema mbele ya wanachuo, kwamba kufukuzwa kule kulikuwa heri kwake, kwani kama angebaki chuoni asingepanda miti, na kama asingepanda miti asingepata tuzo. Maneno hayo ni matamu, lakini si kweli. Kazi ya kupanda miti aliianza mwaka 1977, angali mwalimu wa chuo kikuu, miaka mitano kabla ya kufungiwa mlango. Waliomnyima kazi hawakumpa miti. Walichofanya ni kuwanyima vijana wa Kenya mwalimu, na kumwacha mama mwenye watoto watatu bila mshahara. Mengine yote aliyafanya mwenyewe.

Kwa nini basi tunapenda kusema vile? Nadhani ni kwa sababu mwisho mwema hutufaa sisi tuliokosa kuliko unavyomfaa aliyekosewa. Mtu akishinda baada ya kudhulumiwa, mdhulumu naye hujipenyeza katika picha ya ushindi, akasimama pembeni akitabasamu.

Najua, kwa sababu nimewahi kusimama hapo. Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Ilitujia nafasi moja ya mwanachuo kwenda kusomea stashahada ya ualimu wa sayansi, nikatakiwa kupeleka jina. Aliyeongoza kwa Fizikia na Kemia alikuwa msichana, na hakuna mkufunzi aliyekuwa na shaka juu ya hilo. Nikapeleka jina la mvulana aliyekuwa wa tatu. Niliwaambia wenzangu kwamba binti yule ataolewa karibuni na nafasi itapotea bure. Hakuna aliyenipinga. Yeye alipangiwa shule ya msingi mbali na barabara, akajisomea usiku, akafanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa binafsi, na mwaka 1999 akaingia chuo kikuu.

Mwaka 2008 nilipostaafu alikuja kwenye sherehe ya kuniaga. Nilimsimamisha mbele ya wageni, nikasema, "Huyu mnamwona? Mimi ndiye niliyemkomaza kwa kumnyima." Watu walicheka na kupiga makofi. Wakati wa kuondoka alinipa shikamoo kama kawaida, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, nilifika. Lakini nilichelewa miaka kumi na mmoja, na mama yangu hakuwahi kuniona."

Nilikuwa na miaka 60 siku hiyo. Leo nina 76, na sentensi ile bado haijaniacha.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni mdai kutajirika. Elizabeth Zott alifanya vyema kuipokea maabara, na Wangari Maathai alifanya vyema kukubali kushirikiana na chuo kilichomkataa. Kupokea haki yako iliyochelewa si kufuta deni. Ni mwenye kudai pekee anayeweza kulifuta, na mdaiwa hana ruhusa ya kulifuta kwa niaba yake, hata kwa kumsifu.

Mimi siwezi kuirudisha miaka 11, wala kumfufua mama yake. Ninaloweza ni dogo. Lile neno la uongo nililisema hadharani, kwa hiyo nalikanusha hadharani, katika kitabu hiki ninachokichapa kwa fedha za mafao yangu: sikumkomaza. Nilimkosea, na alifika bila mimi. Nakala ya kwanza nitampelekea mwenyewe kwa basi, nimpe mkononi. Atakalosema ni lake.

Na kwako, mjukuu wangu, jibu ulilolingoja barazani ndilo hili. Ulikuwa sahihi.