Tasbihi ya Fatima na Dawati la Mtoto wa Mitaani



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Wanyange, Jinja. Ijumaa moja, baada ya swala, watu hawakutawanyika upesi kama ilivyo ada. Walibaki uani mwa msikiti wakijadili habari iliyokuwa imeenea mtaani: shule moja ya msingi ya serikali, isiyo mbali na kwetu, imeombwa iwapokee watoto kadhaa waliokuwa wakilala nje mjini. Watu wa kheri wamewapatia pa kulala kwa muda, na sasa wanataka wasome.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha Juzuu Amma nikiwa mdogo, alisema kwa uchungu, "Vyoo vya shule ile tumevijenga kwa michango yetu. Hawa wamechangia nini?" Mama mmoja akamjibu kutoka upande wa wanawake, "Mzee wetu, tuwie radhi. Na wajukuu wetu walio darasa la kwanza, wao wamechangia nini?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza.

Nakiri mbele yenu kwamba siku ile moyo wangu ulikuwa upande wa mzee. Mdogo wangu yuko darasa la nne katika shule hiyo hiyo. Benchi moja wanakaa wanne, na kitabu kimoja kinapita mikono mingi. Nilijiuliza: watoto waliozoea kunusa gundi na mafuta ya ndege kwenye kitambaa watakaa wapi, kama si pembeni ya mdogo wangu? Sikusema neno. Lakini nilipokuwa narudi chuoni Mbale kwa barabara ya Tirinyi, gari lilipunguza mwendo pale Namatala, na watoto wa aina ile ile wakaja dirishani wakinyoosha mikono. Swali nililolikimbia Jinja lilikuwa limenitangulia Mbale. Shule ya umma ni ya nani?

Tuanze na sheria ya nchi, maana hapo hapahitaji maneno mengi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 30, inampa kila mtu haki ya elimu. Ibara ya 34 inaitaja elimu ya msingi kuwa stahiki ya mtoto, na inaweka jukumu hilo juu ya dola pamoja na wazazi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Mwanzoni mpango huo ulihesabu watoto wanne kwa kila familia, kwa hiyo mtoto asiye na familia hakuwa na pa kuhesabiwa. Baadaye kikomo hicho kiliondolewa, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa watoto waliofikia umri wa miaka 6. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayelala barazani hahusiki.

Hata hivyo, kati ya sheria na dawati pana safari ndefu. Shule inataka barua ya mwenyekiti wa LC 1, na mwenyekiti atamwandikiaje mtu ambaye hana nyumba katika kijiji chake? Inatakiwa namba ya utambulisho ya taifa, na mtoto hajui hata mwaka aliozaliwa. Inatakiwa sare, daftari, na pesa ya posho ya mchana. Baadhi ya watoto hawa wametoka Karamoja, hawajui Lusoga wala Luganda. Kule Kampala, mwaka 2019, ilipitishwa sheria ndogo inayokataza kuwapa watoto wa mitaani pesa au chakula, kwa hoja kwamba sadaka ya dirishani humfunga mtoto barabarani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ukiuzuia mkono wa dirishani huku mlango wa shule nao umefungwa, mtoto umembakishia nini?

Tusidhani kwamba ugomvi huu ni wa nchi maskini peke yake. Marekani wana sheria iitwayo McKinney-Vento, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1987. Inaitaka shule imwandikishe mara moja mtoto asiye na makazi hata kama hana vyeti wala uthibitisho wa anwani. Pamoja na hayo, mwaka 2011, katika mji wa Norwalk jimboni Connecticut, mama asiye na makazi alishtakiwa kwa wizi kwa sababu alimwandikisha mwanawe wa miaka 6 kwa kutumia anwani ya mtu mwingine. Elimu iliyodaiwa kuibwa ilikadiriwa kuwa ya zaidi ya dola 15,000. Nchi tajiri, shule tajiri, na bado hoja ilikuwa ile ya uani mwa msikiti wetu: hii ni yetu, wewe si wa hapa.

Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi. Turudi kwenye elimu yetu sisi.

Nilipolileta suala hili katika darsa letu, ndugu mmoja mwenye akili nzuri ya fiqhi alinijibu kwa kanuni inayojulikana: kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa. Mtoto wa mitaani akinufaika na darasa, jambo jema. Lakini akiwafundisha wenzake matusi na gundi, madhara yametangulia. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mzazi anayeogopa si mtu mbaya, na mtoto wake ni amana juu ya shingo yake. Mtoto wa miaka 12 anayeanza darasa la kwanza pamoja na wa miaka 6 anahitaji uangalizi, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hana macho ya kutosha.

Ila kanuni za fiqhi ni familia, na si vyema kumwalika ndugu mmoja ukawaacha wengine nje. Iko kanuni isemayo yakini haiondolewi kwa shaka. Madhara ya mtoto kulala nje ni yakini: baridi, njaa, kipigo, na mambo ambayo sitayaandika hapa. Madhara tunayoyahofia darasani ni dhana. Huenda yakatokea, huenda yasitokee, na yakitokea yana dawa. Iko nyingine isemayo dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Huwezi kumkinga mtoto mmoja na barabara kwa kumrudisha mwingine barabarani. Tukizisoma kanuni zote pamoja, zinatuamuru tutafute namna ya kumpokea bila kuwadhuru wengine. Kumfungia mlango halafu tukauita ulinzi, hilo hazikutupa.

Na hoja ya kutokaa nao si ngeni katika dini yetu. Wakuu wa Makureshi waliwahi kumtaka Mtume (s.a.w.) awaondoe wanyonge kwenye baraza lake, watu kama Bilal na Khabbab, ili wao wakubwa wapate kuketi naye bila kuchanganyika nao. Majibu yamo katika Suratul An'am na Suratul Kahf, na hayakuwapendeza waliouliza.

Sasa nije kwenye jambo lililonigeuza mimi. Sote tumesoma habari za Ahlu Suffa, ila mara nyingi tunazisoma kama habari za watu wa zuhudi waliokuwa wakiishi zamani. Hebu tuwatazame upya. Kibla kilipogeuzwa kuelekea Makka, upande wa nyuma wa Msikiti wa Madina ulibaki na kivuli, na hapo wakakaa watu wasio na nyumba, wasio na mali, wasio na jamaa mjini. Kwa lugha ya leo, walikuwa watu wasio na makazi. Lakini Mtume (s.a.w.) hakuwaweka pale wasubiri makombo tu. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Ubada bin Samit (r.a.) aliwafundisha baadhi yao kuandika na Qur'ani, mmoja akampa upinde kuwa zawadi, na Mtume (s.a.w.) akamwonya asiupokee. Hapo palikuwa na mwalimu, somo, na mwanafunzi asiyetozwa kitu. Mmoja wa wakazi wa kivuli kile alikuwa Abu Huraira (r.a.), ambaye njaa ilimfanya afunge jiwe tumboni. Leo vitabu vinamhesabia hadithi zaidi ya 5,000. Lau wazee wa Madina wangesema kwamba hakuchangia ujenzi wa msikiti, nusu ya tunayoyasoma darasani tungeyapata kwa nani?

Na chakula chao? Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba mwenye chakula cha watu wawili achukue wa tatu kutoka kwao. Imo katika Bukhari kwamba Abu Bakr (r.a.) aliwachukua watatu nyumbani kwake, na Mtume (s.a.w.) akawachukua kumi. Gharama haikutupiwa mtu mmoja wala haikufanywa sababu ya kuwafukuza. Iligawanywa nyumba kwa nyumba.

Tena kuna usiku wa Fatima (r.a.). Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba msaidizi wa kazi za nyumbani. Katika Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapa wao huku Ahlu Suffa wakiwa na njaa. Badala yake akawafundisha tasbihi: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Tasbihi hii wengi wetu tunaisoma kila usiku tukiwa kitandani, hapa kwenye mabweni. Tumeihifadhi dhikri, tumeisahau sababu yake. Baba alimpenda binti yake kuliko ninavyompenda mdogo wangu, na bado hakuona kwamba mapenzi hayo yanamruhusu kuwasahau wasio na nyumba.

Usiku mmoja, vidole vikiwa kwenye hesabu ya 20 na kitu, nilimkumbuka mdogo wangu na benchi lake la watu wanne. Sikuweza kuendelea kuhesabu.

Lakini tusiishie kwenye machozi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wana mlango mzima wa fiqhi kuhusu mtoto aliyeokotwa, al-laqit. Kumchukua ni faradhi ya kutoshelezana: wakisimama baadhi, wengine wamesalimika, wakikaa wote, wote wana dhambi. Asipokuwa na mali, matumizi yake ni juu ya Baytul Mal. Si kila mtoto wa mitaani ni laqit, wengi wana wazazi walio hai, lakini roho ya mlango ule ni moja: mtoto asiye na wa kumsimamia ni deni la jamii nzima.

Basi jumuiya yetu ifanye nini? Tunaweza kwenda naye kwa mwenyekiti wa LC na kusimama kama walezi wanaojulikana, ili barua ipatikane. Tunaweza kugawana posho ya mtoto mmoja kwa muhula, watu kumi kumi. Ni pesa ndogo kuliko data tunayomaliza kwa wiki. Tunaweza kuwafundisha jioni wale waliopitiliza umri, lugha na hesabu, ili wasiingie darasani wakiwa mzigo. Na tuwaunge mkono wazazi wanapodai serikali iongeze walimu na madawati, kwa sababu malalamiko yao kuhusu msongamano ni ya haki. Kosa ni kumdai mtoto deni la serikali.

Nilimpigia simu mzee wangu wa Wanyange nikamweleza haya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na benchi litabeba watano?" Sina jibu kamili, na nilimwambia hivyo. Nilimwahidi tu kwamba likizo ijayo nitakwenda naye shuleni, na mchango wa benchi jipya uanze na mimi. Akasema, "Haya, njoo. Na mimi nitaleta mbao."

Allah atupe macho ya kuwaona wale tunaowapita dirishani, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofungua milango. Amin.

Wabillahi tawfiq.