Bendera ya nchi ambayo haipo

Je, ni sawa kutunza bendera ya nchi ambayo haipo tena? Swali linanihusu, maana nyumbani kwangu Mwigobero ninazo tatu. Zote ni nakala zilizoshonwa miaka hii ya karibuni, na hakuna hata moja iliyowahi kupanda mlingotini.

Ya kwanza ni ya Tanganyika. TANU ilikuwa na kijani, nyeusi, kijani. Ikaongezwa mistari miwili ya rangi ya dhahabu, ndiyo ikapandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, huku Luteni Alexander Nyirenda akisimika nyingine kileleni Kilimanjaro. Ya pili ni ya Zanzibar baada ya Mapinduzi: bluu, nyeusi, kijani. Ya tatu ni nyekundu, katikati ina duara la kijani lenye karafuu mbili. Hiyo ni ya Zanzibar ya Sultani, iliyopata uhuru 10 Desemba 1963 na kupinduliwa 12 Januari 1964. Bendera ya mwezi mmoja na siku chache.

Fundi cherehani aliyenishonea ya Tanganyika, mzee wa rika la baba yangu, aliikunjua akaniuliza, "Sasa mwanangu, nchi hii iko wapi?"

"Si ndiyo hii tuliyokaa, Mzee?" nikamjibu. Hakucheka.

Wapo wanaosema nakala ni uongo. Mimi sikubali. Uongo ni kuichovya kwenye majani ya chai ionekane kuukuu, halafu ukamuuzie mtu. Tatizo la nakala ni jingine: ni safi mno. Haina vumbi, haina jasho, haina damu. Unaweza kuipenda bila kulipia chochote.

Wamarekani wameshaonja hili. Bendera yao ya mwanzo, yenye nyota 13 zilizopangwa duara, wengi huinunua kama kumbukumbu. Mwaka 2019 Nike iliondoa viatu vyenye bendera hiyo baada ya Colin Kaepernick kupinga, kwa kuwa inakumbusha zama za utumwa. Wengine wakafoka: kwani kitambaa kina kosa gani?

Kwetu nako ni hivyohivyo. Ile nyekundu nikiitandaza Musoma, mtu ataona karafuu tu. Nikiitandaza Unguja, mmoja ataona ndugu zake waliouawa au kukimbia mwaka 1964. Mwingine ataona babu yake akitumikishwa shambani. Hakuna anayekosea. Hata ya Tanganyika si kitambaa tu. Mwaka 1993 wabunge wa G55 walidai serikali yake, na Mwalimu, mtoto wa Butiama, akawapinga. Mwaka 2013 tume ya Jaji Warioba, mtoto wa Bunda, ikapendekeza serikali tatu. Mkoa mmoja, majibu mawili.

Basi msimamo wangu ni huu: itunze, lakini uwe tayari kusimulia ilivyoshushwa, si ilivyopandishwa tu. Kumbukumbu inayochagua tamu peke yake ni pambo. Tena uwe tayari kuikunja mbele ya aliyeumizwa nayo.

Ndiyo maana ya Tanganyika iko ukutani sebuleni, na ile nyekundu iko kabatini. Siionei aibu. Ila akija mgeni kutoka Unguja akataka kuiona, nitaitoa, kisha nitanyamaza. Wa kwanza kuisemea si mimi.