Ngao Ilikinga Nini?

Watu wengi wakisikia kwamba imani ni ngao, hudhani ya kuwa aaminiye hatapatwa na mshale. Ni kweli, Mtume Paulo aliifananisha imani na ngao katika waraka wake kwa Waefeso. Lakini waraka huo huo wasema kwamba mwandishi wake alikuwa kifungoni. Basi, ndugu msomaji, kama ngao hiyo haikumwepusha na minyororo, ilimkinga na nini?

Huko Gikondi, katika Nyeri, aliishi Sista Irene Stefani, Mtaliani wa shirika la Consolata, aliyefika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam; ndio wapagazi ambao jina la kikosi chao limebaki mpaka leo katika Kariakoo. Tangu mwaka 1920 alikaa Gikondi akifundisha na kupanda vilima kwa miguu kuwatazama wagonjwa, na watu wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Mwaka 1930 mwalimu mmoja alishikwa na tauni, ugonjwa unaomfanya hata ndugu amkimbie ndugu. Irene alimwendea, akamuuguza, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri. Imani haikumkinga na tauni. Wala sidhani kwamba hakuogopa. Ila hofu yake haikupewa ruhusa ya kuamua kwamba mgonjwa yule afe peke yake.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja baada ya tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Wakati ule hofu iliingia kila nyumba kwa milango miwili. Usiku waliweza kuja watu wa kiapo; mchana waliweza kuja askari wa serikali, na nyuma yao kulikuwa na kambi za kizuizini. Yapasa tuseme haki: wengi walikula kiapo kwa ajili ya ardhi yao iliyotwaliwa na kwa kuutaka uhuru, na miongoni mwao walikuwamo Wakristo. Mimi siwahukumu. Lakini walikuwapo pia ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937. Baadhi yao walikataa kiapo, wakisema kwamba waliokwisha kushiriki damu ya Kristo hawawezi kuonja damu nyingine ya agano. Tena wako waliokataa hata bunduki ya serikali, kwa kuwa hawakutaka kumwua jirani.

Fikiri, msomaji, ugumu wa kukataa mara mbili! Akataaye upande mmoja hupata ulinzi wa upande wa pili. Akataaye pande zote mbili hushukiwa na wote. Wako waliopigwa, na wako waliouawa. Kama imani ingekuwa hirizi ya kuzuia panga, tungesema iliwadanganya. Kilichokingwa ni kitu kingine: uwezo wao wa kumtazama mtu wa kila upande kuwa jirani, katika siku ambazo hofu ilimfundisha kila mtu kuona adui.

Kukata tamaa ni ndugu wa hofu, ingawa hakuji na panga. Nimewasikia wanafunzi wakiomba kabla ya mtihani kana kwamba wanafanya biashara, kisha wakishindwa wanaacha kuomba, na kusoma pia wanaacha. Nadhani hawakupoteza imani. Walipoteza mapatano ambayo Mungu hakuyatia sahihi.

Katika mji wa Murang'a, ambao zamani uliitwa Fort Hall, liko kanisa lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa siku zile. Kutani mwake Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanganyika, alichora picha tano mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wake ni Waafrika katika nchi ya vilima kama hii yetu. Mojawapo ni ya Gethsemane, bustani ambamo Yesu mwenyewe alihuzunika na kuomba kikombe kimwondokee. Ukipata nafasi ya kufika huko, simama mbele ya picha hiyo kwanza.